Kabla Hamjatia Saini Muhtasari

Wanangu mliokabidhiwa viti, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na wewe diwani wetu, nimeombwa niseme nami nimekubali, ingawa mwili umechoka na maneno haya si mara ya kwanza kuyasema. Nitayarudia polepole. Wengi wenu mmeingia kwenye uongozi kwa uchaguzi wa Novemba 2024, na mtu halaumiwi kwa jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Wa Gwata ya Kibaha na wa Gwata ya Kisarawe, nasema na nyote kwa pamoja, kwa sababu neno lenyewe halijali mpaka wa wilaya.

Nina jambo moja tu. Siku yoyote atakayokuja mgeni na ramani, iwe ya dampo, ya yadi, ya barabara au ya kiwanda, msianze kumuuliza ataleta ajira ngapi. Muulizeni nani atakilea kitu hicho siku kitakapofungwa. Jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kwa jina la ofisi na kwa fungu la fedha, kabla mkono wa mtu yeyote haujatia saini. Mkishaliandika hilo, mengine yote mnaweza kuyajadili kwa utulivu.

Sisemi kwamba barua ya dampo imeshafika mezani kwa mtendaji. Nasema tazameni mwelekeo wa mambo.

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Watu hao wanakula kila siku, wananunua, wanafungua mifuko, na wanachokitupa lazima kiende mahali. Miaka ya themanini kilikwenda Tabata. Moshi, inzi na harufu viliwashinda wakazi, wakaenda Mahakama Kuu. Shauri la madai namba 299 la mwaka 1988, mkitaka kulitafuta. Mahakama iliwapa haki yao mwaka huo, ikaamuru Halmashauri ya Jiji iache kutupa taka pale na itafute mahali pasipodhuru afya za watu. Jiji likaomba muda. Likaomba tena. Magari yakaendelea kumwaga taka mpaka mwaka 1991, mahakama ilipokataa katakata kuongeza muda mwingine.

Basi zikahamishiwa Mtongani ya Kunduchi, si hii Mtongani yetu ya Mlandizi. Huko nako wakazi 795 wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti. Vingunguti ikajaa. Zikaenda Mtoni kwa Aziz Ali, karibu na mto Kizinga, mpaka Mtoni nayo ikaelemewa, na hatimaye malori yakaanza kupanda Pugu Kinyamwezi. Uzito wa taka wa mji ulikwenda kaskazini, ukarudi katikati, ukashuka kusini, mwisho ukapanda mpaka mlangoni mwa Kisarawe. Anayeishi Kisarawe hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hupapita mbio. Katika safari yote hiyo, hakuna dampo hata moja lililofungwa kwa sababu siku yake iliyopangwa tangu mwanzo imefika na maandalizi yamekamilika. Mawili yalifungwa kwa amri ya mahakama, mengine yalijaa yakashindikana. Kila mara akili yote ya wakubwa ilikuwa mbele, kwenye eneo jipya: nani ataliuza, barabara ipite wapi, magari yatoke wapi. Nyuma palibaki kichuguu cha taka na geti. Tabata watu walisogea wakajenga, na mtaa ukabaki na jina la Dampo mpaka leo. Mwaka 2008 nyumba zikabomolewa pale, kikawa kilio kilichofika mpaka kwa Waziri Mkuu. Ardhi iliyo karibu na mji haikai bure. Ikiachwa bila mwenyewe, humpata mwenyewe.

Mtoni palijaribiwa jambo jema, nami sitaki kulificha. Jiji na kampuni ya Kiitaliano walitia mabomba ya kunyonya gesi inayotoka kwenye taka, na mradi ule ukasajiliwa mwaka 2007 chini ya Itifaki ya Kyoto. Lakini Halmashauri ile ya Jiji, iliyokuwa na dhamana ya madampo yote niliyoyataja, ilivunjwa Februari 2021, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Ofisi ile haipo tena. Taka ilizozifukia zipo palepale, na zitakuwepo wajukuu zenu wakiwa wazee. Likariri hilo, mwanangu diwani: taka zina umri mrefu kuliko ofisi inayozitupa.

Kila mmoja wenu anajua choo cha shimo kikijaa kinafanywaje. Hukifuniki udongo ukaondoka ukasahau. Unakijaza, unakishindilia, unaweka alama, unawaambia watoto wasikimbilie pale, hujengi chumba juu yake, na kila masika unakwenda kuangalia kama udongo umetitia. Baba akifa, mtoto ameshaonyeshwa. Dampo ni jambo hilohilo, kwa ukubwa wa mashamba ya kijiji kizima.

Taka zilizofukiwa haziachi kuoza kwa sababu geti limefungwa kufuli. Zinatoa gesi ya methane, ambayo huwaka, na ikijikusanya ndani ya chumba huweza kulipuka. Mvua ikipenya juu, inashuka katikati ya uozo huo ikibeba kila kilichomo, betri, dawa, rangi, mabaki ya nyama, na kutokea chini ikiwa maji meusi yanayotafuta kisima au mto. Udongo wa juu unashuka kidogokidogo na kupasuka, na kila ufa ni mlango mwingine wa mvua. Kwa hiyo dampo lililofungwa linataka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa juu yake, mabomba ya kutolea gesi, mifereji ya kuzuia mvua, visima vidogo pembeni vya kupimia maji, uzio, na mtu anayelipwa mshahara kwenda kuangalia. Marekani, kwa kanuni za mwaka 1991, mwenye dampo hulazimika kulitunza miaka 30 baada ya kulifunga, na aonyeshe fedha za kazi hiyo ziko wapi wakati dampo bado linafanya kazi. Miaka 30, wanangu. Mwenyekiti wa kijiji hukaa mitano.

Mtaniuliza, dampo na habari za usafiri vinakutana wapi, mbona mzee unachanganya? Navichanganya kwa sababu mto umevichanganya.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, huku Kisarawe kwetu. Unashuka hadi Vingunguti, unapita kando ya dampo lile la zamani, unaendelea hadi Jangwani, ndipo uingie baharini. Waliopanga mabasi yaendayo haraka waliweka depo yao Jangwani, bondeni kabisa. Mwendokasi ulianza kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, Kariakoo na Morocco, karibu kilomita 21 za njia, na watu waliufurahia kwa haki kabisa. Mvua kubwa zikaja. Maji yakaingia depo, mabasi yakaharibika, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, mwaka mmoja na mwaka mwingine. Maji yale hayakuwa peke yake. Yalikuja na mchanga kutoka kwenye vilima vilivyokatwa miti, na taka kutoka kwenye kingo zote za mto, zikaziba mahali maji yanapopita. Sasa kuna mradi wa bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2022, na ndani yake depo inahamishiwa Ubungo Maziwa na daraja jipya linajengwa Jangwani. Ni fedha za deni, za kuondoa kitu kilichojengwa kwa fedha za deni.

Mimi naliona hivi. Aliyechora njia ya basi alikuwa na meza yake. Mwenye taka alikuwa na meza yake. Mwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi alikuwa na yake, wilaya nyingine, mkoa mwingine. Wote walikuwa watu waliosoma, na sina shaka kila mmoja alifanya kazi yake kwenye karatasi yake. Mto ndio uliozikutanisha karatasi zao.

Huku kwetu mto ni Ruvu, na habari yake ni nzito zaidi. Ndio mto mkubwa unaoinywesha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu upo Mlandizi tangu mwaka 1959, na Ruvu Chini upo Bagamoyo tangu 1976. Sisi tuko upande wa juu wa Mlandizi. Maji yanayotiririka kwenye makorongo yetu yanakwenda huko, na mwenye Gwata ya Kisarawe anajua hivyohivyo kwa upande wake. Mtu wa mjini akiyaleta machafu yake kuyamwaga kwenye bonde hili, yatamrudia kwenye bomba lake mwenyewe, lakini sisi na ng'ombe na watoto wetu tutakuwa tumeyanywa kabla yake. Neno hili mnaweza kumwambia mkubwa yeyote bila kuinua sauti. Atalielewa, kwa sababu naye ana bomba nyumbani.

Msifikiri haya ni ya Dar es Salaam peke yake. Kampala walikuwa na dampo lao Kiteezi, lililoanza mwaka 1996. Kiteezi haipo ndani ya mji wa Kampala, ipo wilaya ya Wakiso. Mji ulitupa, wilaya jirani ikabeba. Ilijulikana miaka mingi kwamba limejaa, na magari yakaendelea kupanda juu ya mlima ule kwa sababu mahali pengine palikuwa hapajawa tayari. Agosti 2024, baada ya mvua, mlima ukaporomoka juu ya nyumba. Walikufa watu zaidi ya thelathini, na watoto walikuwemo. Mwezi uliofuata Rais Museveni aliwafukuza kazi wakuu watatu wa mamlaka ya mji. Waliofukiwa hawakurudi.

Kisa cha Addis Ababa nataka nikieleze taratibu zaidi, kwa sababu kinafanana na pale mtakapokuwa mmekaa ninyi. Mji ule una dampo la zamani sana, Koshe. Lilijaa, na wakubwa wakafanya lililoonekana kuwa sawa: wakajenga jipya la kisasa, kwa msaada wa Ufaransa, mahali panapoitwa Sendafa, nje ya mji, kwenye ardhi ya wakulima wa Oromia. Likafunguliwa mapema mwaka 2016. Wakulima walikuwa wamehamishwa au walibaki jirani, na uchafu ukaanza kufika kwenye maji yao na mifugo yao. Wakapinga kwa nguvu. Miezi michache tu, Agosti mwaka huohuo, Sendafa ikasimama. Taka zikarudishwa Koshe, juu ya lundo lililokwisha kuitwa limejaa. Machi 2017 Koshe ikaporomoka usiku na kuua watu zaidi ya mia moja na kumi, wengi wao maskini waliojenga pembeni yake.

Mnaona uzito wake? Wakulima wa Sendafa walikuwa na haki ya kukataa. Waliokufa Koshe hawakuwa wamewakosea wakulima wale lolote. Makosa yalifanyika mapema sana, siku ramani ilipochorwa bila mkulima kukaa mezani, bila kuambiwa maji yatapita wapi, bila kuandikwa nani atamlipa akidhurika. Kijiji kilichoombwa kukubali mwanzoni huweza kuweka masharti. Kijiji kinachoamshwa na malori hakina kingine cha kufanya isipokuwa kuziba barabara.

Kwa hiyo siwafundishi kukataa kila kitu. Nimewahi kuona watu wakikataa mpaka zahanati, na hilo si hekima. Taka zipo hata kwetu. Tazameni nyuma ya magulio, tazameni makorongo pembeni ya vijiji vyetu, chupa za plastiki na nepi zinavyosubiri mvua iziteremshe. Nani analea majalala hayo madogo? Mkitaka kumuuliza mtu wa mjini swali langu, kwanza lijibuni nyumbani.

Sasa nije kwenye reli, maana nayo ni usafiri. Reli tatu zimepita kwenye nchi yetu hii. Wajerumani walianza yao Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro 1907, ikapita upande wa Kibaha. Wachina walijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, ikapita Kisarawe. Waturuki wakaja mwaka 2017 na reli ya kisasa, na tangu Juni 2024 treni ya umeme inawapeleka watu Morogoro, kisha Dodoma. Upande wetu inasimama Soga na Ruvu. Sina chuki na reli hata moja. Nilipoiona ile ya umeme ikipita kwa kasi ile nilimshukuru Mungu kwa kuniweka hai. Lakini reli hizo zote zilipangwa ziunganishe mji na mji, bandari na bara. Swali la mtu wa Gwata mwenye mgonjwa au gunia la mihogo, atafikaje kituoni wakati wa masika, halikuwa kwenye meza hizo. Hilo ni la TARURA, wenye barabara za vijijini na mijini, watakwambia. Ukienda TARURA utaambiwa barabara ile imepandishwa hadhi, nenda TANROADS, wenye barabara kuu. Nauli ni ya LATRA. Reli ni TRC, ya Kisarawe ni TAZARA, mwendokasi ni DART. Kila mmoja anasema kweli, na mgonjwa bado yuko juu ya bodaboda.

Mwaka 2012 ilianzishwa ile treni ya mjini watu waliyoiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Kwenye njia ya TAZARA iliishia Mwakanga, ndani ya Dar es Salaam. Abiria waliishia kabla ya mpaka wa Kisarawe, na taka ziliishia hukohuko Pugu, kabla ya mpaka uleule. Mwenye kupanga alifika mwisho wa ramani yake akaweka kalamu chini.

Sasa ramani inatufuata. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia alizindua bandari kavu ya Kwala, na safari za mizigo za reli ya kisasa. Nchi jirani zimepewa maeneo pale, Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda, Zambia na nyinginezo. Kando yake kuna eneo kubwa la viwanda. Barabara ya zege imejengwa kutoka Vigwaza hadi Kwala kwa ajili ya malori. Lengo lililotangazwa ni jema: makontena yatoke mjini kwa treni, foleni ya malori Dar es Salaam ipungue. Lakini fikirini na mimi. Viwanda vikijaa, wafanyakazi watakuja kwa maelfu, watapanga vyumba Kwala, Magindu, Mlandizi, na huku Gwata. Watatupa taka. Viwanda vitakuwa na taka za aina yake, mafuta machafu, tope la kemikali, mabaki ya plastiki. Zitakwenda wapi? Na Pugu Kinyamwezi nayo itajaa, maana hakuna shimo lisilojaa. Siku hiyo mtu wa mipango atakaa na kutafuta eneo lililo wazi, la bei nafuu, lenye watu wachache, na linalofikika kwa barabara nzuri kwa lori zito. Gharama kubwa ya taka ni kuzisafirisha. Palipo na barabara nzuri, bei hushuka. Kila barabara ya zege inayoingia huku inalileta dampo karibu zaidi, hata kama aliyeijenga hakuwa na nia hiyo hata kidogo.

Ndiyo maana nasema usafiri na taka vikae meza moja, na sisi tukae kwenye meza hiyo. Mkiulizwa kituo kiwe wapi, barabara ipite wapi, yadi ya malori iwe wapi, ulizeni palepale: na taka za mahali hapo? Mkiulizwa habari za taka, ulizeni: na lori litapita mbele ya shule ipi?

Mnayo nguvu kuliko mnavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji. Hata pale Serikali inapotaka kuihamisha ardhi hiyo kwa manufaa ya umma, wanakijiji lazima waelezwe na wasikilizwe, na fidia ijulikane. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2007 inawapa nafasi ya kuandaa mpango wenu wenyewe: hapa malisho, hapa mashamba, hapa makaburi, hapa msitu, hapa chanzo cha maji. Kijiji chenye mpango uliosajiliwa kinazungumza kikiwa kimesimama. Kisicho na mpango, ramani yake huchorwa na mwingine. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi kama dampo ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wanaoathirika washirikishwe. Ofisi ya taifa ya mazingira ndiyo yenye dhamana. Taarifa hiyo ni nene na imeandikwa kitaalamu, najua. Muombeni mwalimu wa sekondari awasomee sura ya mwisho, ile ya kufunga mradi. Kama sura hiyo ni nusu ukurasa na imejaa maneno ya kwamba hatua stahiki zitachukuliwa, rudisheni.

Masharti yenu yawe ya kushikika. Kila tani inayoingia ilipiwe, na sehemu ya malipo hayo iwekwe pembeni tangu siku ya kwanza, kwenye akaunti isiyoguswa na matumizi ya kila mwaka, kwa ajili ya miaka ya baadaye. Visima vya kupimia maji vichimbwe kabla lori la kwanza halijaingia, ili ijulikane maji yalikuwaje. Majibu ya vipimo yabandikwe ofisi ya kijiji. Mpaka wa eneo uwekwe vigingi na upimwe, pamoja na eneo la tahadhari lisilojengwa pembeni yake. Mnakumbuka mwaka 2017, nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilipobomolewa kwa ajili ya upanuzi wa barabara, mita 121.5 kila upande. Watu walikuwa wameishi pale miaka mingi, wengine na hati. Walilia mbele ya vifusi vyao. Kigingi kisichoonekana leo ni nyumba iliyovunjwa kesho, na anayeumia ni yule aliyejenga kwa nia njema.

Tena iandikwe nani anarithi. Msiridhike na neno Serikali. Serikali ni kubwa, na ofisi zake huzaliwa na kufa. Iandikwe: halmashauri fulani, idara fulani, na ikivunjwa au kugawanywa, dhamana inahamia kwa fulani. Mkiona mgeni anasita kuandika hilo, mmeshajifunza jambo muhimu kuhusu mradi wake, na mnaweza kumwambia kwa adabu arudi akiwa tayari.

Ombi langu jingine ni kwenu wa pande mbili. Gwata mbili, wilaya mbili, wakurugenzi wawili, mabaraza mawili ya madiwani, na mkoa mmoja wa Pwani. Wazaramo na Wakwere tumeoana tangu kale; harusi zetu na misiba yetu inavuka mpaka bila kuomba kibali. Mbona vikao vyenu havivuki? Wenye mradi wakikataliwa upande mmoja watakwenda upande wa pili, wakijua hamsemezani. Undeni kamati moja ndogo ya vijiji vya pande zote mbili, ya watu wanaokaa na kusoma, wanawake wasiwe wa kuhesabu akidi tu, maana wao ndio wachota maji na ndio watakaojua kwanza maji yakibadilika ladha. Kamati hiyo iombe kukaa na mabaraza yote mawili, na uongozi wa mkoa, na watu wa Jiji. Watu wa Dar es Salaam si adui zetu. Watoto wetu wanaishi huko, na takataka zao zimo ndani ya malori yale.

Nimesema mengi, na sauti inaniisha. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Katika unaokuja, jambo hili liwe ajenda ya kwanza, kabla ya michango na kabla ya mengineyo, watu wakiwa bado hawajaanza kuondoka. Mtendaji aandike azimio: hakuna mradi utakaopewa ardhi ya kijiji bila kueleza kwa maandishi utakavyofungwa, nani atautunza baada ya kufungwa, kwa miaka mingapi na kwa fedha ipi. Lisomwe kwa sauti, lipigiwe kura, wote watie saini. Nakala moja ipelekwe halmashauri ya Kibaha, moja Kisarawe, moja mkoani, na moja mpeni mwalimu mkuu aifungie kwenye kabati la shule, pamoja na daftari la wanafunzi.